Dunia Ikitikisika, Mwenye Duka Aseme Nini?

Muhula huu Chama cha Midahalo cha shule yetu kilijadili hoja hii: "Mfanyabiashara na auze bidhaa zake, mambo ya dunia hayamhusu." Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande uliopinga, na sina budi kukiri kwamba tulishindwa kwa kura chache. Msemaji mkuu wa upande wa pili aliwachekesha watu wote alipouliza, "Vita vikipiganwa Ulaya, nani amemwomba mwuza soda maoni yake?" Nilipoinuka kumjibu, sauti moja ikatoka viti vya nyuma: "Na ile sukari je?" Ukumbi ukaangua kicheko, kengele ikalia, na majibu yangu nikarudi nayo bwenini.

Basi kwa kuwa Mhariri amenipa nafasi, nataka kuyajibu yote mawili, la soda na la sukari. Nawaomba walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu wanivumilie, maana jambo lenyewe si la mzaha. Mwaka huu tunamaliza Kidato cha Nne, na si wote tutakaoendelea na Kidato cha Tano. Wengine wetu watasimama nyuma ya meza ya duka, na wengine tangu zamani wanalishwa na duka au genge la wazazi wao. Siku dunia ikipatwa na jambo kubwa, kama vita, maradhi au njaa, wateja watakuja mbele ya meza ile na kumtazama mwenye duka usoni. Atawaambia nini?

Mambo ya Dunia Hutufikia

Wako wanaodhani kwamba hapa Old Korogwe tuko mbali na mambo ya dunia. Hao wangetazama nje ya dirisha la basi wanapokuja shuleni. Mkonge wanaouona kando ya njia si mmea wa kwetu asili. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo mashamba ya Tanga yakaenea. Wajapani walipoteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Waingereza na wenzao walipoteza sehemu walikopata nyuzi za kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha lazima kwa meli zao. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, bei ikapanda tena. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka, na kufikia miaka ya 1990 mavuno ya mwaka hayakufika tani 40,000.

Kwa hiyo mambo ya Manila na Korea yalikuwa yakiamua nani ale nini hapa Korogwe. Swali si kama dunia inatuhusu. Swali ni kama wale wanaoziona habari mapema watawaambia wenzao ukweli.

Baiskeli ya Babu

Babu yangu mzaa mama alitoka Handeni akiwa kijana, akaja kukata mkonge katika shamba moja la huku. Shamba lenyewe sitalitaja. Katikati ya miaka ya 1960 wafanyakazi walianza kusikia minong'ono kwamba bei imeanguka huko Ulaya. Asubuhi moja wakakusanywa, wakaambiwa kwamba maneno yale ni ya wazushi, kazi ipo tele, kila mtu atulie. Babu akaamini. Jumamosi ile ile akaenda dukani, akachukua baiskeli kwa malipo ya kila mwezi. Haikupita miezi miwili, yeye na wenzake wengi wakaambiwa kwamba hakuna kazi tena. Baiskeli ikarudi dukani, fedha alizokwisha kulipa zikapotea, naye akarudi Handeni kwa miguu.

Nilimwuliza kama alimlaumu mwenye shamba kwa kuanguka kwa bei. Akanijibu, "Bei ni kama mvua, mjukuu wangu. Sikumlaumu mtu kwa sababu ya mvua. Nilimlaumu yule aliyeniambia hakuna wingu, naye alikuwa akiliona."

Maneno hayo ya babu ndiyo nguzo ya makala hii. Yule bwana wa shamba alitoa tangazo, tena la kupendeza. Lakini lilikuwa la uongo, na aliyelilipia gharama ni mkata mkonge.

Maandazi ya Mama

Sasa nitoe mfano wa pili, wa nyumbani kwetu Handeni, ambako mama yangu huuza maandazi sokoni. Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano duniani, na Ukraine ilikuwa ya kwanza kwa kuuza mafuta ya alizeti nchi za nje. Juu ya hayo, tarehe 28 Aprili Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese yasitoke, hata tarehe 23 Mei. Sisi Tanzania twanunua nje ngano nyingi na mafuta ya kula mengi. Basi unga ukapanda, na dumu la mafuta likapanda zaidi.

Mama akafanya wafanyavyo wengi: bei akaiacha palepale, shilingi 100, lakini donge la unga akalipunguza kidogo kidogo. Nilipofika nyumbani likizo ya mwezi wa sita, nilimkuta mzee mmoja, mteja wake wa kila asubuhi, ameshika andazi kwa vidole viwili.

"Mama, maandazi yako yana homa? Kila siku yanakonda."

"Nisamehe, mzee wangu. Mafuta yamepanda kwa sababu ya vita."

"Vita vya wapi? Vya Kabuku?"

Watu wakacheka, lakini mama hakucheka. Usiku ule aliniambia kwamba kilichomuumiza si kejeli, bali ni kuonekana mwizi mbele ya mtu aliyemwamini miaka mingi. Akakata kipande cha boksi, akaniambia niandike kwa herufi kubwa: "Unga na mafuta vimepanda kwa sababu ya vita vya Ukraine. Andazi sasa ni sh. 200, ukubwa ule ule wa zamani. Bei ya mafuta ikishuka, nami nitashusha." Nikaandika, akalitundika juu ya beseni.

Sitawadanganya wasomaji kwamba mambo yalinyooka mara moja. Wiki ya kwanza maandazi mengi yalirudi nyumbani, tukayala sisi. Wateja wengine walisoma lile boksi, wakaguna, wakaenda kwa jirani. Lakini yule mzee alirudi siku ya nne. Akasema, "Sasa najua ninachokinunua." Baadaye mafuta yaliposhuka, mama hakungoja kukumbushwa. Akaanza kuuza matatu kwa shilingi 500, akabadilisha boksi. Ahadi ni deni.

Yale Waliyoyafanya Wakubwa

Huenda msomaji akasema kwamba biashara ya beseni si sawa na biashara ya makampuni. Naam, ukubwa si sawa, lakini kanuni ni ile ile. Natoa mifano michache.

Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia Afrika Mashariki, watu waliogopa kupokezana noti. Kampuni ya Safaricom ya Kenya ikatangaza tarehe 16 Machi kwamba kutuma fedha kwa M-Pesa, kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za Kenya, kutakuwa bure kwa siku 90. Angalieni jinsi tangazo lile lilivyokuwa. Halikuwa na maneno mengi ya huruma. Lilisema kiasi, lilisema muda, na lilihusu kazi ile ile ambayo kampuni inaijua. Kweli, yawezekana kampuni nayo ilifaidika kwa kupata watumiaji wapya, lakini si dhambi mfanyabiashara kufaidika kwa jambo lililomfaa mteja.

Kadhalika mwaka 2011, njaa kubwa ilipowapata watu wa kaskazini mwa Kenya, Safaricom, benki ya KCB na wenye vyombo vya habari walishirikiana na Msalaba Mwekundu wa Kenya katika mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Walitaja hadharani lengo lao, shilingi milioni 500 za Kenya, na hata mwenye vishilingi vichache aliweza kuvituma kwa simu. Lengo lilifikiwa na kupitwa. Hapo kila mmoja alitoa kile alichokuwa nacho: mwenye simu alitoa njia ya kutuma, mwenye benki akatoa akaunti, mwenye redio akatoa sauti.

Katika vita vile vile vya Ukraine, kampuni ya chakula ya McDonald's ilitangaza mwezi Machi 2022 kwamba inafunga kwa muda mikahawa yake yapatayo 850 nchini Urusi. Wengine waliona imechelewa, wengine waliona imekosea. Mimi natazama sehemu moja ya tangazo lile: ilisema kwamba wafanyakazi wake 62,000 wa huko wataendelea kulipwa mishahara. Mpishi wa Moscow hakuanzisha vita. Mwenye biashara anayetaka kuonyesha msimamo wake asiulipie kwa mshahara wa mtu mdogo.

Na hapa kwetu, nani asiyeikumbuka ndoo? Mwaka 2020, kabla shule hazijafungwa na baada ya kufunguliwa, ungeona mlangoni pa maduka mengi ndoo ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni kando yake. Wenye maduka wale wengi hawakutoa hotuba yoyote. Ndoo ilisema yote. Lakini katika siku zizo hizo niliona duka moja lililobandika karatasi ya rangi isemayo "Tuko pamoja", na ndani yake bei ya ndoo ilikuwa imepanda mara mbili. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, na hata mimi nilijua nani alikuwa pamoja na nani.

Mnunuzi Naye Ana Sauti

Pengine mwenye biashara atasema, "Nikinyamaza, nitapata hasara gani?" Historia yajibu. Tarehe 26 Juni 1959 Mwalimu Julius Nyerere alihutubia mkutano mjini London, akiwaomba watu wa Uingereza waache kununua bidhaa za Afrika ya Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Wakati ule Tanganyika haijapata uhuru, naye hakuwa na jeshi wala meli. Alikuwa anawaomba watu wenye vikapu vya sokoni. Kutokana na mkutano ule kikazaliwa chama kilichoendesha mapambano hayo miaka mingi. Wanafunzi wa Uingereza wakaisusia benki ya Barclays kwa sababu ya biashara yake huko Afrika ya Kusini, na mwaka 1986 benki hiyo ikauza hisa zake na kuondoka. Basi kunyamaza nako ni jibu, na wanunuzi hulisoma.

Kanuni Nne

Kutokana na mifano hiyo nimepata kanuni nne, ambazo nawashauri wenzangu waziandike katika daftari la Biashara.

Ya kwanza, mfanyabiashara aseme yale yaliyo mezani pake. Aeleze tukio lile litawafanya nini wateja wake na wafanyakazi wake: bei, akiba ya bidhaa, saa za kazi, mishahara. Hayo ndiyo anayoyajua kuliko mtu mwingine yeyote, na hayo ndiyo wanayotaka kuyasikia kwake.

Ya pili, aseme mapema, tena kweli tupu. Mafuta ya magari ni mfano mwema. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, na vituo hupaswa kuonyesha bei zao kwenye ubao unaosomeka. Mwaka 2022 bei zilipopanda sana, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni, na dereva aliweza kusoma mwenyewe ubaoni kama nafuu imemfikia. Watu walilalamika, lakini hawakulazimika kubahatisha.

Ya tatu, neno liandamane na tendo linalomgharimu msemaji kitu. Kabla ya kutoa tangazo, ajiulize: hili litanigharimu nini mimi? Akiona halimgharimu hata senti, heri aliweke kabatini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wala si akuandikiaye kwa dhiki.

Ya nne, asifanye msiba wa watu kuwa soko. Salamu za rambirambi ni jambo la heshima, lakini anayetoa rambirambi huja na kanga au mchele, hapangi bidhaa zake mlangoni mwa wafiwa. Kama hana la kufanya wala la kueleza, basi anyamaze kwa adabu. Kunyamaza huko si woga.

Jibu la Soda na Jibu la Sukari

Sasa namjibu ndugu yangu wa upande wa pili. Katika nusu ya maneno yake, alisema kweli. Hakuna aliyemwomba mwuza soda ahukumu vita vya Ulaya, na akijifanya hakimu wa kila jambo atachosha watu. Lakini sukari ya soda ile, gesi yake, chupa yake na mafuta ya gari lililoileta vyote vinatoka mahali, na bei yake kesho ni habari tunayohitaji leo. Hiyo ndiyo tunamwomba.

Kuhusu sukari, ukweli ni huu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilizuia miwa isivunwe, sukari ikaadimika nchini, na mahali pengi kilo moja ikazidi shilingi 4,000, hata Bodi ya Sukari ikatangaza bei kikomo mwezi Januari. Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi wanaosimamia duka letu la ushirika hapa shuleni. Tulibaki na kilo tano. Nikaandika ubaoni, "Sukari imekwisha," nami nikaziweka zile kilo tano chini ya meza kwa ajili ya marafiki wa bweni langu. Siku ya tatu mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa anatoka kuugua malaria alikuja kuomba sukari ya kutia katika uji. Nikamwonyesha ubao. Alipokuwa anageuka, rafiki yangu mmoja akaingia akasema kwa sauti, "Nipe ile yangu ya chini ya meza." Yule mtoto alisikia. Hakusema neno, akaenda zake na kikombe chake.

Njia ya mwongo ni fupi. Jioni habari ilikuwa imefika mabweni yote. Kesho yake nilisimama mbele ya paredi nikaomba radhi, nikaondolewa katika duka, na sukari iliyobaki ikagawiwa wagonjwa kwanza. Niliyekuwa nimeandika boksi la mama kwa mkono wangu mwenyewe, ndiye niliyeandika ubao ule. Nilikuwa nimefanana na yule bwana wa shamba aliyemwambia babu kwamba hakuna wingu.

Kwa hiyo yule aliyepaza sauti ukumbini alikuwa na haki ya kuuliza. Natumaini hataacha kuuliza hata tutakapokuwa watu wazima, yeye akiwa mnunuzi nami nikiwa nyuma ya meza. Mvua zile sikuzileta mimi, wala sikuwa na uwezo wa kushusha bei ya sukari. Nilichokuwa nacho ni kilo tano, kipande cha chaki na ubao. Ningeweza kuandika: "Zimebaki kilo tano. Wagonjwa kwanza." Ni maneno matano tu, na yangetosha.

Mama amekwisha niambia kwamba nikimaliza mtihani mwezi wa kumi na moja nitamsaidia sokoni nikingoja matokeo. Lile boksi bado analo, ameligeuza upande wa pili ambao haujaandikwa, amelisimamisha nyuma ya beseni tayari kwa tukio lijalo.